Caritas ya parokiani inamsaidia na asiye Mkatoliki?

Mama Nasra, Buguruni

Habari zenu wapendwa. Mume wangu ni kuli Kariakoo. Ramadhani iliyopita gunia lilimwangukia mgongoni, tangu hapo kuinama ni shida, mzigo ndiyo usiseme. Mimi nakaanga mihogo jioni pale kituoni, ila mtaji wote umeishia kwenye dawa. Kodi ya chumba ni elfu hamsini, tunadaiwa miezi mitatu, na mwenye nyumba kashasema mwisho wa mwezi anaweka kufuli lake. Shule ya mtoto haina ada, nashukuru, lakini viatu vimeachama na daftari anaandika mbele na nyuma.

Jirani yangu Mkristo ananiambia niende Caritas pale kanisani kwao, wanasaidia watu. Mimi ni Muislamu, navaa hijabu. Watanisikiliza? Watataka nisali nao? Na mtu anaanzia kwa nani? Sitaki nirudishwe getini na mlinzi huku watu wananiangalia.

Kinyozi wa Tabata

Dada, usijichoshe. Hao wanasaidiana wenyewe kwa wenyewe, tena hata wenyewe kwa shida. Shangazi yangu Mkatoliki wa kuzaliwa alienda parokia moja, siitaji, swali la kwanza: "Jumuiya yako ipi?" Alikuwa kahama juzi tu, hana jumuiya. Ikaishia hapo. Jaribu zaka ya msikiti wa mtaani kwenu.

Mzee wa Daftari, Temeke

Asalaam aleikum binti yangu. Niko kwenye kamati ya Caritas ya parokia yetu huku Temeke, mimi ndiye ninayeshika daftari la hela. Nasema ya kwetu, maana mifuko ya parokia hailingani.

Dini hatuulizi ili kumchuja mtu. Tunaandika jina, mtaa, watoto wangapi, shida gani. Tazama PASADA pale Chang'ombe, ni huduma ya Jimbo Kuu la Dar es Salaam tangu 1992 kwa wanaoishi na VVU. Waislamu wanatibiwa pale siku zote na hakuna aliyedaiwa cheti cha ubatizo. Wewe pia hutaombwa kusali. Pengine mtaanza kikao mama mmoja aseme "tuombe kidogo". Kaa kimya tu, hakuna atakayekukodolea macho.

Kinyozi, hilo la jumuiya nalijua. Mwaka 1976 maaskofu wa ukanda wetu huu waliamua kanisa lisimame juu ya jumuiya ndogo ndogo, yaani nyumba chache za mtaa mmoja zinazosali pamoja. Ofisini padre hawezi kujua nani kalala na njaa Mtoni kwa Aziz Ali, jumuiya inajua. Kwa hiyo swali lile ni la kutafuta shahidi. Ila nakubali, wapo makarani wa ofisi wanaouliza kwa sauti ya polisi, na mtu mwenye shida akisikia sauti ile anageuza. Shangazi yako alitakiwa apelekwe kwa mwenyekiti wa jumuiya ya huko alikohamia, basi.

Sasa Mama Nasra, shahidi wako ni huyo jirani. Usiende ofisini peke yako. Jumuiya nyingi hapa Dar zinasali Jumamosi alfajiri, watu wakitoka hapo ndiyo waende makazini. Mwambie akutambulishe kwa mwenyekiti wao baada ya sala. Mwenyekiti ndiye atapeleka jina lako kwa kamati ya Caritas ya hapo kwenu. Chukua na barua ya serikali ya mtaa.

Baada ya hapo watakuja wawili nyumbani, mara nyingi mama mmoja na mzee mmoja. Kwenda kumwona mtu nyumbani kwake ni desturi ya zamani, hata wale wanafunzi wa Paris wakina Frederic Ozanam walioanzisha chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo mwaka 1833 ndivyo walivyokuwa wakifanya. Msiazime mkeka wala kufunika shimo la ukuta. Mimi nikiingia nyumba ya mtu siangalii sana vyombo, maana kuna watu wana kabati la vioo na hawajala. Naomba daftari la mkopo la dukani kwa Mangi. Ukilisoma kwa mpangilio unaona kila kitu. Kurasa za mwanzo sukari nusu, mafuta robo, sabuni mche mzima. Mbele kidogo sukari haipo tena. Halafu mafuta yanakuwa ya kupima, sabuni kipande. Ukifika ukurasa wa mwisho ni unga na dagaa, unga na dagaa, na siku nyingine unga peke yake. Nikishaona hivyo sina haja ya kumhoji mama wa watu mbele ya watoto wake.

Msaada wenyewe usiutegemee mkubwa. Chakula kinapatikana haraka, kwa sababu akina mama wa WAWATA, yaani Wanawake Wakatoliki Tanzania, wanaleta vipaji kanisani, mchele, maharage, mafuta, sabuni, na sehemu inakuja kwetu. Hela inatoka kwenye sadaka ya pili, maboksi ya Kwaresima na Siku ya Maskini Duniani, ile aliyoianzisha Papa Fransisko, tunaiadhimisha kila Novemba tangu 2017. Novemba mfuko unapumua. Januari umekauka, kila mzazi yuko mlangoni na habari za sare.

Kodi hatumpi mtu mkononi. Tunamfuata mwenye nyumba. Akiona wazee wawili wamekuja kwa heshima na hela iko mfukoni, hata yule mkali analegea. Tunalipa mwezi mmoja hapo hapo, deni lililobaki linagawanywa kidogo kidogo, inaandikwa karatasi, mjumbe anasaini. Kufuli linaahirishwa. Kwangu mimi hiyo karatasi ina nguvu kuliko hela tuliyotoa.

Dawa za mzee, anzeni kitengo cha ustawi wa jamii cha hospitali ya serikali anakotibiwa, wao ndio wenye kuangalia msamaha. Barua ya kamati inawasaidia kukuelewa.

Na mtaji. Watu wanapenda kugawa cherehani kwa sababu inapendeza kwenye picha. Mama hajawahi kushona hata kifungo, mwezi haujaisha imeuzwa. Mimi napingana nalo kila kikao. Wewe una kazi tayari na wateja wako pale kituoni wanakujua. Kwa hiyo ukija sema hesabu: mihogo nanunua wapi kwa bei gani, mafuta kiasi gani, mkaa, jioni nabaki na shilingi ngapi. Mtu akija na hesabu hata mweka hazina mchoyo kama mimi anafungua mkoba.

Mama Nasra, Buguruni

Shikamoo mzee. Nimesoma yote mara mbili. Tatizo ni baba Nasra. Hataki wageni waje kutukagua, anasema amekuwa kituko cha mtaa.

Dada Levina, Ubungo

Mama Nasra, wangu alikuwa hivyo hivyo. Walipokuja yule mama akabaki na mimi uani, mzee akakaa na mume wangu barazani. Wakaongea Simba na Yanga mpaka chai ikapoa. Habari ya shida ilikuja mwishoni kabisa, na mwenyewe ndiye aliyeianza. Mwambie tu wanakuja kumjulia hali mgonjwa, na si uongo, wanamjulia hali kweli.

Kinyozi wa Tabata

Mzee, umejieleza, sina ugomvi. Ila na picha je? Mtu anapewa kilo tano za unga, kesho yuko kwenye magrupu yote ya WhatsApp kashika mfuko, watoto wake wanamwona.

Mzee wa Daftari, Temeke

Marahaba binti yangu. Levina kasema sawa, na mimi ningekwenda hivyo hivyo, ila mimi ni Yanga, tungegombana.

Kinyozi, hapo umegonga penyewe. Wafadhili wanataka kuona, na vijana wetu wana simu. Kwetu tumekataza sura, unapigwa picha mfuko wa unga peke yake, na anayepokea anasaini au anaweka dole gumba kwenye daftari. Huko kwenu Mama Nasra sijui wanafanyaje, kwa hiyo sema mapema, "picha hapana". Una haki hiyo na unga hautapungua.

Jumamosi hii nenda na jirani yako. Beba barua ya mtaa, karatasi za hospitali za mzee, na lile daftari la dukani.

Mama Nasra, Buguruni

Daftari analo Mangi mwenyewe, hatoi mpaka deni lipungue. Nikilipiga picha kwa simu ya jirani?

Mzee wa Daftari, Temeke

Inatosha. Piga kurasa zote, usiruke hata zile za mwanzo zenye sukari.