Nimekaimu ukocha mkuu, kisha ameletwa mtu wa nje. Nibaki msaidizi au niondoke?

Msaidizi wa Benchi (mleta uzi):
Wakuu, salamu. Naombeni ushauri, hasa ninyi mnaofuatilia kikapu. Wa Simba na Yanga karibuni pia, ila leo vumilieni kidogo.

Mimi ni kocha msaidizi wa timu ya kikapu hapa Dar, timu inayolipa wachezaji mshahara. Jina nalihifadhi. Nipo nayo tangu enzi za kufanya mazoezi kwenye viwanja vya kuazima. Kocha mkuu aliondolewa msimu ukiwa katikati, nikakaimu hadi ligi ikaisha. Ubingwa hatukuchukua, ila tulimaliza juu zaidi ya pale alipotuacha. Kazi ilipotangazwa nikaandika barua, nikaitwa kwenye usaili, nikakaa kusubiri jibu. Jibu nikaliona kwenye mitandao kama mlivyoliona ninyi: ameletwa kocha kutoka nje ya nchi. Wasifu wake mzuri, sina ugomvi nao. Mimi nimeambiwa nibaki msaidizi kwa sababu "wewe ndiye unayewajua vijana".

Sasa kilichonileta hapa. Juzi kwenye mechi ya kirafiki, robo ya nne, tuko nyuma kwa pointi moja, kocha kaita taimauti na kuchora mchezo ubaoni. Hata kofia ya peni hajafunga, pointi gadi wetu (yule anayepanga mashambulizi) ananigeukia mimi: "Kocha, tucheze ile yetu?" Benchi zima likanikodolea macho. Nikamwambia acheze alichochora kocha. Tukafungwa. Usiku huohuo mjumbe mmoja wa kamati ananipigia, anataka niwe nampa "mwenendo" wa huyu bwana kimyakimya. Nikamwambia nitamtafuta.

Kuna timu ndogo ya mkoani inanitaka niwe kocha mkuu, mshahara pungufu. Mke wangu hataki tuhame, watoto wanasoma. Mngekuwa ninyi mngefanyaje?

Babu Ribaundi:
Kabla ya ushauri, hiyo "ile yenu" ingeingia au nayo ingegonga chuma? 😂

Mangi wa Denver:
Baki mkuu. David Adelman aliingia Denver Nuggets, timu ya NBA (ligi kuu ya kikapu Marekani), 2017 kama msaidizi wa Michael Malone, akakaa pembeni miaka yote hiyo, ubingwa wa 2023 wakachukua sifa zikaenda kwa Malone. Aprili 2025, zimebaki mechi 3 tu msimu wa kawaida uishe, Malone akafungashiwa virago, na meneja mkuu Calvin Booth naye nje. Timu akapewa Adelman. Akashinda zote 3, kwenye mchujo akawatoa Clippers kwa mechi 7, akaenda na Oklahoma City mpaka mechi ya 7 ndipo akatolewa. Mwezi Mei kazi ikawa yake moja kwa moja. Subira yavuta heri.

Binti Kidongo:
Mangi, huo mfano hauendani. Adelman alikaimu akathibitishwa. Mleta uzi kakaimu akapigwa chini. Subira ya mtu ambaye hajakataliwa si sawa na ya mtu aliyekataliwa na watu walewale atakaokuwa anawasalimia kila asubuhi.

Mfano wake ni Charles Lee. Alikuwa msaidizi wa Mike Budenholzer Milwaukee Bucks, na ubingwa wa 2021 alikuwepo. Mwaka 2023 Bucks wakatolewa na Miami raundi ya kwanza, Budenholzer akatimuliwa, kazi akapewa Adrian Griffin kutoka Toronto. Lee hakubaki pale kununa. Akaenda Boston Celtics, kazi ileile ya usaidizi, akakaa pembeni ya kocha mkuu Joe Mazzulla, Juni 2024 wakabeba kombe. Hata kabla fainali hazijaanza, Charlotte Hornets walishamtangaza kuwa kocha wao mkuu. Msimu mmoja tu!

Angalia na Kevin Young wa Phoenix Suns. 2023 walipomwondoa Monty Williams wakamleta Frank Vogel, Young akabaki msaidizi, na walimlipa vizuri sana abaki. Aprili 2024 akakubali kazi ya kocha mkuu wa timu ya chuo kikuu cha BYU. Wiki chache baadaye Suns wakawa wametolewa na Minnesota 4-0 na Vogel ametimuliwa. Sasa mtaniambia angesubiri wiki chache. Mimi nasema hata angesubiri wangemruka tena, maana waliyemleta ni Budenholzer, na huyo naye alitimuliwa baada ya msimu mmoja tu.

Mangi wa Denver:
Sawa dada, umenikamata kwa Adelman. Lakini Lee alitoka timu kubwa akaenda timu kubwa. Huyu anatoka Dar anaenda mkoani.

Mshabiki wa Thabeet:
Nimeipenda NBA tangu Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet anachaguliwa wa 2 na Memphis 2009, kwa hiyo niwieni radhi nikirefusha.

Binti Kidongo kagusa Bucks kisha akaondoka na Lee. Mimi nataka tubaki palepale Milwaukee tuone kilichompata aliyeletwa, maana ndicho kinachotaka kutokea kwenye benchi la mleta uzi.

Griffin hakuwahi kuwa kocha mkuu NBA. Ili asiwe peke yake wakampa msaidizi mzoefu, Terry Stotts, aliyekuwa kocha mkuu wa Portland misimu 9. Stotts akaacha kazi Oktoba 2023, ligi haijaanza hata mechi moja. Halafu ikaja habari ya ulinzi. Chini ya Budenholzer, mchezaji wao mrefu wa kati, Brook Lopez, alizoea kubaki karibu na kikapu anasubiri mtu aje. Griffin akataka wabane juu zaidi. Haikwenda, na wachezaji wenyewe wakaomba warudi kwenye mfumo wao wa zamani. Hiyo ndiyo "tucheze ile yetu" ya Milwaukee. Griffin akatimuliwa Januari 2024 akiwa ameshinda 30 na kupoteza 13. Rekodi kama hiyo kocha mwingine angeongezewa mkataba!

Kwa hiyo mleta uzi, ile taimauti ulijibu sawasawa, lakini kujibu hakutoshi. Ule mchezo mpelekee kocha kabla ya mazoezi, mkiwa wawili. Mwambie: vijana wanauamini huu, wanaanzia hapa, skrini (kumzibia njia mlinzi) inawekwa hapa, mpira unaishia kona ile. Yeye auchore mwenyewe, aupe jina lake akitaka. Siku pointi gadi akikugeukia tena, jibu liwe liko ubaoni tayari. Ukikaa nao moyoni, wachezaji wataendelea kukutazama wewe, na kocha si kipofu.

Na huyo mjumbe achana naye kabisa. Anataka kukufanya shahidi wa kesi ambayo hukumu keshaiandika. Siku kocha akiondoka, wataleta mwingine wa nje, na huyo wa tatu ataambiwa kwenye gari akitoka uwanja wa ndege kwamba msaidizi aliyepo ndiye aliyemchoma mwenzake.

Babu Ribaundi:
Hapo kwa mjumbe naweka utani pembeni. Mpigie mchana, mwambie taarifa zote za benchi zinapitia kwa kocha mkuu. Sentensi moja inatosha. Ukimkwepa simu ataona unajadiliana bei.

Mkenya wa Scarborough:
Niko Toronto, wacha niongeze. Masai Ujiri, aliyekuwa rais wa timu yetu ya Raptors na ambaye mamake ni Mkenya mwenzetu, 2018 alimfuta kocha Dwane Casey baada ya kushinda mechi 59 na kutolewa na Cleveland 4-0. Casey akapewa tuzo ya kocha bora wa mwaka akiwa ameshafutwa! Kazi akapewa msaidizi, Nick Nurse, na 2019 tukachukua kombe mbele ya Golden State. Kila mtu anakumbuka hapo alipandishwa msaidizi. Wachache wanakumbuka kwamba Nurse alishakuwa kocha mkuu miaka mingi mahali ambapo hakuna kamera. Alifundisha ligi ya Uingereza, Birmingham, London, Brighton. Akarudi Marekani akashinda ubingwa wa ligi ya chini na timu mbili tofauti, Iowa na Rio Grande Valley. Alipoingia Raptors 2013 kama msaidizi alikuwa ameshaamua mambo ya dakika za mwisho mara nyingi, na makosa yake ameyafanyia huko mbali.

Ndugu, hiyo timu ya mkoani usiidharau. Usaili ujao watakuuliza umeongoza wapi, na kukaimu nusu msimu kunajibiwa na "lakini ilikuwa timu ya mwenzako".

Mama Wawili:
Ushauri wote mzuri ila hakuna aliyemgusa mke. Mshahara pungufu, nyumba mbili, nauli, watoto wanabaki na mama peke yake. Wa Boston na Charlotte wanalipwa kwa dola, msimlinganishe. Kaka, hiyo timu ndogo inalipa kwa wakati? Piga simu kwa wachezaji wake wa msimu uliopita, siyo kwa viongozi.

Msaidizi wa Benchi (mleta uzi):
Nawashukuru sana, Mama Wawili umenifumbua. Nimempigia mmoja wa wachezaji wao wa zamani, anadai mishahara ya miezi. Hapo nimepoa kidogo.

Mjumbe nimeshamalizana naye kama Babu alivyosema. Amenuna.

Kocha hakuja na msaidizi wake. Jana kanipa ulinzi wote niusimamie, na uchambuzi wa video wa wapinzani nusu kwa nusu. Sikutegemea. Mkataba wangu wa zamani unaisha mwezi ujao na wananiletea mpya, cheo kilekile.

Mshabiki wa Thabeet:
Basi usisaini haraka. NBA kocha msaidizi akiitwa kwenye usaili wa ukocha mkuu kwingine, kwa kawaida timu yake haimzuii. Wewe omba iandikwe: ukipata timu ya kukufanya kocha mkuu, unaondoka bila fidia, notisi mwezi mmoja. Na hayo majukumu ya ulinzi yaandikwe humo, yasiwe maneno ya kocha tu, maana kocha naye anaweza kuondoka kabla yako.

Binti Kidongo:
Na mkataba uwe wa msimu mmoja. Wakikupa wa miaka mitatu kwa cheo kilekile, wanakufungia kabatini.

Msaidizi wa Benchi (mleta uzi):
Kuna mwenye mfano wa kipengele kama hicho kwa Kiswahili? Katibu wetu mikataba yote anaandika mwenyewe.

Babu Ribaundi:
Njoo inbox. Ninao wa netiboli, tutabadilisha jina la mchezo.