Mjadala: Je, kuchezesha gemu za kaseti za zamani kwenye kompyuta ya nyumbani ni wizi?

Mama Neema wa Ilazo
Mbukwenyi, ndugu zangu. Naomba tulijadili jambo lililotugawa nyumbani tangu Jumapili. Mume wangu ameweka kwenye kompyuta yetu emuleta, yaani programu inayojifanya kuwa mashine ya gemu ya zamani, pamoja na mafaili ya gemu tulizozicheza utotoni, na sasa yeye na mwanetu wa darasa la tano huitwa mezani mara tatu ndipo waje. Shemeji yangu alipofika kutoka Mpwapwa alitamka mbele ya mtoto kwamba baba yake ni mwizi. Siulizi kuhusu muda wa kucheza, kwa maana hilo nitalimaliza mwenyewe. Ninachouliza ni kama huu ni wizi au si wizi.

Wakili Asiye na Joho
Dada, hapo kuna vitu viwili na shemeji yako amevichanganya. Emuleta imeandikwa upya, mstari kwa mstari, na watu waliochunguza jinsi mashine ile ilivyofanya kazi, na ndani yake hamna gemu la mtu yeyote. Romu, yaani lile faili la gemu, ni nakala ya kazi ya mtu, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitaja programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa. Mashine ya Nintendo iliyotamba kwa kaseti ilianza kuuzwa Japani mwaka 1983, kwa hiyo hata ukihesabu miaka 50 ya ulinzi kuanzia siku ile, bado haijatimia. Mwulize mume wako romu amezitoa wapi, na jibu lake ndilo jibu lako.

Mpwani Halisi
Nafurahi kuona watu wa Dodoma wakijadili hakimiliki kana kwamba kuna hata mmoja wao aliyewahi kuishika kaseti halisi. Huko bara mlicheza kaseti zilizoandikwa kwamba zina gemu 9999, ambazo ukizihesabu ni kumi na mbili zinazojirudia, tena kwenye mashine bandia zilizowashwa kwa betri ya gari. Mtu anawezaje kuiba upya kitu ambacho hata mara ya kwanza alikipata kikiwa cha wizi?

Mzee wa Majengo
Kijana, mimi nilikuwa nimeshaamua kusoma tu na kunyamaza. Mashine yangu alininunulia marehemu baba yangu mwaka 1992, ni halisi, na imo kabatini hadi leo ikiwa na kaseti zake sita. Umeme tulikuwa nao, na hiyo betri ya gari uliiona kwenu. Kuhusu emuleta sina la kusema, ila sitakubali mali ya baba yangu iitwe bandia na mtu asiyeijua hata njia ya kufika sokoni Majengo.

Mpwani Halisi
Shikamoo, mzee. Mwaka 1992 Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Hiyo televisheni mliinunua ili mtazame nini?

Mzee wa Majengo
Marahaba. Tuliinunua ili tutazame kanda za video, kama watu wote wenye akili walivyofanya. Ilikuwa televisheni ya chogo ya inchi 14, na majirani walikaa mpaka kwenye ngazi.

Fundi wa Jamatini
Mzee wangu, nimetengeneza mashine hizi tangu nikiwa mwanafunzi wa ufundi, na nakuuliza kwa heshima zote. Mashine ya Kijapani ya 1983 hupokea kaseti yenye pini 60, yaani vijino vya chuma vya kuunganishia, na ile ya Marekani na Ulaya hupokea kaseti yenye pini 72. Kaseti karibu zote zilizopita mikononi mwangu hapa mjini zilikuwa za pini 60. Lakini mashine halisi ya Kijapani ilitengenezwa kwa umeme wa volti 100 na kwa mfumo wa televisheni usiopatana na wa kwetu, kwa hiyo ingeungua siku ya kwanza, na kama ingepona isingeonyesha picha ya maana. Zaidi ya hayo, pedi zake mbili, yaani vile vidude vya mkononi vyenye vitufe vya kuchezea, zilifungwa moja kwa moja kwenye mashine bila kuchomoka, na pedi ya pili ilikuwa na maikrofoni. Je, pedi zako zinachomoka?

Mzee wa Majengo
Zinachomoka. Hilo halithibitishi lolote.

Mwalimu Kondoa
Naomba niingie hapo hapo kwenye mashine, kwa sababu kuna jambo linanisumbua. Mimi pia ninayo emuleta kwenye kompyuta mpakato, na nilipofungua gemu la vifaru tulilolicheza kibandani kwa shilingi 50, muziki wake ulikwenda mbio kuliko ninavyoukumbuka. Maadui nao wananiwahi. Nilidhani ni uzee wangu, lakini dada yangu, ambaye sasa anaishi Singida, aliusikia akasema vilevile kabla sijamweleza. Kama emuleta haiwezi hata kutoa wimbo kama ulivyokuwa, basi hoja ya kwamba inahifadhi historia naiona kuwa dhaifu.

Fundi wa Jamatini
Mwalimu, masikio yako ni mazima. Televisheni za Japani na Marekani huchora picha takriban mara 60 kwa sekunde, na za kwetu mara 50. Gemu nyingi za kaseti zilihesabu muda kwa picha, maana kila picha moja ikichorwa, wimbo husogea hatua moja na adui husogea hatua moja. Wabunifu wa mashine za kuiga zilizokusudiwa nchi zenye televisheni kama zetu walizifanya zichore picha 50, lakini wakaziachia akili inayokubali kaseti za Kijapani, na matokeo yake mwendo ukapungua kwa sehemu moja ya sita huku sauti ikibaki karibu palepale. Emuleta yako inaigiza mashine ya Kijapani kwa uaminifu, na wewe unakumbuka mashine ya kuiga. Ingia kwenye mipangilio, tafuta mahali pa kuchagua aina ya mashine, kisha chagua Dendy, jina la mashine za kuiga zilizouzwa sana Urusi. Utaurudia utoto wako.

Mpwani Halisi
Kwa hiyo nilisema kweli kwamba utoto wenyewe ulikuwa bandia. Na kuhusu swali la dada, mbona limeshaamuliwa? Mahakama ya Marekani iliwatoza watengenezaji wa emuleta dola milioni 2.4, na mimi nililisoma kwa macho yangu. Emuleta ni haramu.

Wakili Asiye na Joho
Ulisoma kichwa cha habari, ndugu yangu. Fedha hizo zilitokana na makubaliano ya Machi 2024 kati ya Nintendo na watengenezaji wa Yuzu, emuleta ya mashine ya Switch iliyokuwa bado sokoni, na kiini cha madai kilikuwa kuvunja kufuli za kidijitali zinazolinda gemu. Kaseti za mzee hazina kufuli za namna hiyo. Ukitaka kesi iliyoamuliwa hasa, tazama ya Sony dhidi ya Connectix, mwaka 2000, ambapo mahakama ya rufaa ilikubali kwamba kunakili programu ya ndani ya PlayStation wakati wa kuichunguza, ili kuandika emuleta, kulikuwa matumizi ya haki, yaani matumizi yanayoruhusiwa bila idhini ya mwenye kazi. Hiyo nayo ni sheria ya Marekani, na haiwafungi mahakimu wa hapa kwetu.

Mwalimu Kondoa
Nimechagua Dendy. Nimekaa kimya kama dakika tano hivi. Ni wimbo uleule.

Mama Neema wa Ilazo
Nawashukuru kwa elimu ya pini na picha, ambayo sikuiomba. Mume wangu amekiri kwamba romu alipewa kwenye flashi na mfanyakazi mwenzake. Anajitetea kwamba gemu zile haziuzwi popote. Je, utetezi huo una uzito?

Wakili Asiye na Joho
Una uzito wa hoja, hauna uzito wa sheria. Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa Marekani hazipatikani tena kwa kununua. Hao walikuwa wanadai maktaba ziruhusiwe kuzihifadhi. Hawakumruhusu mtu na flashi yake. Mimi binafsi nisingemwita mume wako mwizi mbele ya mtoto, na nisingemwambia mtoto kwamba ni halali.

Mpwani Halisi
Naona mzee ametoweka.

Mzee wa Majengo
Sikutoweka. Nilikuwa natafuta bisibisi. Nimeifungua mashine mbele ya wajukuu, na ndani hamna chipu nilizotarajia kuziona, bali ubao mdogo wa kijani wenye tone jeusi kama la lami katikati. Fundi, tone hilo ni nini?

Fundi wa Jamatini
Ni gundi ngumu iliyofunika chipu moja iliyobanwa ndani yake kazi zote za mashine, mzee wangu. Nintendo hawakutengeneza hivyo. Nisamehe.

Mzee wa Majengo
Huna kosa. Nimeifunga tena na nimeiwasha, na inafanya kazi. Mjukuu wangu anauliza kama hicho ulichomwelekeza Mwalimu kinaweza kuwekwa kwenye simu.