Naomba ushauri: mtoto ana sindromu ya Down, tuzungumze naye lugha gani?

Wazazi wenzangu, hamjambo. Tunaishi Manyatta hapa Kisumu na kijana wetu wa miaka 4 mwenye sindromu ya Down, ile hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha kukua na kujifunza. Anaelewa mengi sana. Ukimtuma viatu, analeta, tena vyote viwili. Lakini maneno anayotamka ni machache, mengine anaonyesha kwa mkono.

Sasa mwalimu wake wa chekechea anasema tuchague lugha moja, eti nyingi zinamchanganya. Mimi ni Mluhya, na baba yake tunaongea Kiswahili. Mama mkwe, tunayeishi naye, anajua Kijaluo tu, na ndiye anayeshinda na mtoto akimwimbia na kumlisha. Nikikataza Kijaluo, dani (nyanya yake) na mjukuu wake wataongea nini? Moyo wangu unakataa kabisa.

Najua watoto hawa huchelewa kusema kwa sababu misuli ya mdomo ni legevu, na wengi hupata majimaji ndani ya masikio yanayopunguza kusikia. Kwa hiyo tumeomba apimwe masikio kwanza.

Mliolea mtoto kama huyu kwenye nyumba ya lugha mbili tatu, mlifanyaje? Ishara za mikono zilimsaidia kusema, au alizitegemea akanyamaza? Mtaalamu wa matamshi mlimpata wapi upande huu, na kwa bei gani? Na huyo mwalimu nimwambie vipi bila kumkwaza? Anampenda mtoto kwa dhati, sitaki tumpoteze.