Apange wapi Dar es Salaam mfanyakazi anayetumia kiti mwendo?

Swali
Habari zenu, wadau. Mdogo wangu anatumia kiti mwendo na amepata kazi eneo la Posta, katikati ya jiji. Akiwa Morogoro alizoea kubebwa na makonda kupandishwa kwenye daladala, jambo ambalo hataki liendelee. Nimeambiwa kwamba mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka, unamfaa zaidi. Je, tutafute chumba Kimara, ambako basi linaanzia safari, au karibu zaidi na mjini?

Mkazi wa Kimara
Ndugu, ulichoambiwa ni kweli kwa upande wa vituo. Njia ya kwanza, iliyoanza kutoa huduma mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, ilijengwa kwa majukwaa yenye kimo sawa na sakafu ya basi, kwa hiyo mtu haingii kwa ngazi kama kwenye daladala aina ya Coaster. Tatizo la huku kwetu ni kufika kituoni: Kimara ni vilima, na ukishaiacha Barabara ya Morogoro unakutana na vumbi, mawe na makorongo, hivyo kila asubuhi atalazimika kukodi bajaji. Kodi ya chumba ni nafuu, lakini nafuu hiyo itaishia kwenye bajaji.

Natumia kiti mwendo
Ningemshauri atafute Magomeni, ambako ardhi ni tambarare, na kabla ya kulipa kodi aende mwenyewe na kiti chake kutoka mlangoni hadi ndani ya kituo, kwa sababu mtaro mmoja usiofunikwa unatosha kumrudisha nyumbani. Ajue pia kwamba kimo sawa hakimsaidii iwapo dereva atasimamisha basi mbali na jukwaa. Magurudumu madogo ya mbele hunasa kwenye pengo hilo, hivyo ni salama zaidi kuingia kinyumenyume, magurudumu makubwa yakitangulia. Saa za msongamano ni balaa kwa kila mtu, nasi hatusazwi. Akiweza, amwombe mwajiri amruhusu kuingia na kutoka kazini nje ya saa hizo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa msingi wa kuomba.

Mkazi wa Kimara
Naongeza jambo moja: Magomeni na Kimara zote ziko ng'ambo ya Jangwani ukitokea Posta, na mafuriko ya bonde la Msimbazi yamewahi kusimamisha mabasi hapo. Kama kipato kinaruhusu, aulizie vyumba upande wa Kariakoo, karibu na kituo cha Fire au Gerezani.