Ndo mara ya kwanza kupeleka ng'ombe wa nyama kwenye maonesho, nianzie wapi?

Mfugaji_Mpya
Habarini wakuu. Nina maksai wangu wa miezi kumi hivi, chotara wa Angus na Hereford, kwa tepu anacheza kwenye kilo 330. Maonesho ni miezi sita ijayo na mimi sijawahi kuingia uwanjani na ng'ombe, nimekuwa mtazamaji tu. Umbo analo, mgongo umenyooka, anatembea vizuri akiwa huru, ila kamba hataki kabisa, nikimfunga anavuta mpaka anapiga magoti na mimi naogopa ataumia. Sasa nianze na kipi, lishe au kamba? Na nitajuaje kwamba ameiva, maana kwa macho naona kila ng'ombe kanenepa. Afu ile fimbo ndefu yenye ndoano wanayoshika uwanjani kazi yake hasa ni nini? Nisaidieni kwa kina, nampenda huyu mnyama na nataka aonekane jinsi alivyo.

Mzee wa Zizi
Karibu sana mkuu. Anza na kamba, leo hii. Kilo 330 bado unaweza kubishana naye, akifika 550 hakuna binadamu wa kumshika kwa nguvu, atakachokuwa amekizoea ndo hicho utaingia nacho uwanjani.

Kwanza angalia hatamu imekaaje. Ile sehemu ya puani ipite juu ya mfupa wa pua, chini kidogo ya macho. Ikishuka mpaka kule kwenye pua laini inambana pumzi na ndo maana wengi wanarusha kichwa, watu wanasema ng'ombe mkorofi kumbe anatafuta hewa. Kamba ya kuongozea itokee upande wake wa kushoto maana huko ndo utatembea wewe.

Siku za mwanzo mwache kwenye boma dogo na hatamu yake huku kamba inaburuta chini, wewe upo unamwangalia. Akiikanyaga inambana, akirudi nyuma au akiinua mguu inalegea, anajifunza mwenyewe kwamba akiacha kubishana bughudha inaisha. Baada ya hapo ndo umfunge kwenye nguzo imara, usawa wa kichwa chake, kamba fupi kama futi mbili, na fundo la kufunguka kwa kuvuta mara moja. Kupiga magoti na kujining'iniza mwanzoni ni kawaida, hatari ni kamba ndefu, anaipitisha mguu au inamzunguka shingo. Usimwache peke yake hata kidogo.

Kumtembeza sasa. Vuta, akipiga hata hatua moja LEGEZA hapo hapo. Hilo la kulegeza ndo somo lenyewe, mtu akivuta mfululizo ng'ombe haoni faida ya kutembea, anaegemea tu kamba na uzito wake wote. Na ujue pa kusimama. Temple Grandin, yule profesa wa Marekani anayefundisha tabia za wanyama, ameandika sana juu ya hili: ng'ombe anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa, na bega ndo mpaka, ukisogea mbele ya bega anarudi nyuma, ukisogea nyuma ya bega anakwenda mbele. Ukilijua hilo nusu ya kelele za zizini zinaisha. Usiizungushe kamba mkononi hata siku moja, ishike ikiwa imekunjwa ili akitoroka iondoke yenyewe na vidole vyako vibaki.

Lishe Kwanza
Simpingi Mzee kwenye kamba, ila kwenye mpangilio tunatofautiana kidogo. Lishe na kamba vianze siku moja, kwasababu siku ya kuongeza uzito ikipita haikusubiri.

Piga hesabu kurudi nyuma. Ng'ombe wa nyama akilishwa vizuri anaongeza kilo 1 mpaka 1.5 kwa siku. Chukua 1.2 zidisha siku 180, ni kilo 216, jumlisha 330 unapata 546. Sasa soma kanuni za maonesho uone daraja lake ni la uzito gani, kama juu ni 600 uko salama, kama ni 500 inabidi upunguze nafaka mapema, sio wiki mbili za mwisho unamnyima chakula na maji mnyama wa watu. Pima kila baada ya wiki mbili au tatu. Kama tepu yako haina namba za kilo, pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, pima urefu kutoka ncha ya bega mpaka mfupa wa makalio, vyote kwa sentimita, mzunguko zidisha kwa mzunguko zidisha urefu gawanya kwa 10,840, unapata makadirio ya kilo.

Kula kwake: chakula kikavu kama asilimia 2 mpaka 2.5 ya uzito wake, kwaiyo saizi ni kilo 7 mpaka 8 ukiondoa maji yaliyomo. Majani makavu yasikosekane. Nafaka ongeza taratibu ndani ya wiki mbili mpaka tatu, ukimmwagia ghafla tumboni kunajaa tindikali, utaona anaacha kula, kinyesi kinakuwa majimaji ya kijivu, na baadae anaweza kuanza kuchechemea maana inashuka mpaka kwenye kwato. Ubavu wa kushoto ukivimba kama ngoma mwite daktari saa hiyo hiyo, gesi inaua haraka kuliko watu wanavyodhani.

Kuiva unakujua kwa mkono, macho yanadanganya na manyoya ndo yanazidi kudanganya. Bonyeza mbavu za mwisho mwisho. Ukisikia kila ubavu umechongoka bado. Ukizisikia kwa kubonyeza kidogo na juu yake kuna kitu laini cha kusawazika, hapo ndo penyewe, mafuta ya karibu sentimita 1 kwenye ubavu wa 12 na wa 13. Ukibonyeza na huoni ubavu, na pembeni mwa mkia kuna mabonge, amepitiliza, na jaji atamshika hapo hapo.

Mama Ndama
Kaka mimi naongezea usafi maana wanaume wengi mnaukumbuka wiki ya mwisho. Damu yake ni Angus na Hereford kwaiyo manyoya anayo, yafanyie kazi mapema. Mloweshe maji na umpige brashi kila unapoweza, ukichana kwenda mbele na juu, mpaka akauke. Sabuni sio kila siku, inamaliza mafuta ya ngozi, na ukiitumia isuuze mpaka maji yatoke meupe, sabuni ikibaki ndo ile mba inayoonekana uwanjani jua likipiga. Anza kumlowesha miguuni ndo upande juu taratibu, na masikioni maji yasiingie. (Wale wa Brahman na Boran manyoya mafupi, hao ni kusugua na kitambaa tu wanang'aa.)

Kwato azikate fundi mwezi mmoja au zaidi kabla, asikatwe wiki ya maonesho, akikatwa karibu na nyama atatembea kwa kuchechemea mbele ya jaji na hakuna wa kumweleza sababu. Dawa pia, kila chanjo au sindano iandike tarehe, soma kwenye chupa siku za kusubiri kabla ya kuchinjwa, maana maksai wengi wanakwenda machinjioni moja kwa moja kutoka maonesho.

Na maji. Ng'ombe akifika sehemu ngeni anaweza kugoma kunywa kwasababu ladha imebadilika, ubavu unaingia ndani na kazi yote ya miezi inapotea kwa siku mbili. Nenda na ndoo yake mwenyewe anayoijua.

Mfugaji_Mpya
Aisee asanteni sana, nimeandika yote kwenye daftari. Nimecheki hatamu ilikuwa imeshuka kweli, nimeipandisha na leo kasimama kwenye nguzo bila kupiga magoti. Mzee bado lile la fimbo, na nikiwa ndani ya uwanja mimi nafanya nini?

Mzee wa Zizi
Safi sana. Fimbo ni ya kupanga miguu na kumtuliza, sio ya kuchapa. Ukitembea kamba iko mkono wa kulia, ukisimama unamgeukia, kamba unaihamishia kushoto na fimbo inakuja kulia. Kwanza mkune tumbo polepole, anashusha pumzi na mgongo unatulia. Mguu ukitaka urudi nyuma, gusa kwa ncha pale kwato inapogawanyika. Ukitaka uje mbele, vuta kwa ndoano nyuma ya mguu juu kidogo ya kwato. Ya mbele ikae sawasawa chini ya mabega, ya nyuma ule ulio upande wa jaji uwe nyuma kidogo ya mwenzake. Mgongo ukipanda kama upinde, bonyeza taratibu kiunoni kwa ncha.

Acha nafasi ya ng'ombe mmoja kati yako na aliyeko mbele, jicho moja kwa jaji jingine kwa mnyama. Akija kumshika mbavu mkune tumbo atulie, jaji akimaliza chana yale manyoya aliyoyavuruga. Akikuuliza umri, uzito, anakula nini, jibu kwa kifupi na kwa ukweli. Miguu ikiharibika kidogo na jaji hakuangalii, iache kwanza, kumchokonoa mfululizo kunamchosha na ndo hapo anaanza kurudi nyuma.

Fanyeni hivyo hivyo nyumbani, mwambie mtu asiyemjua aje amshike mbavu, kofia kichwani, redio inapiga kelele pembeni.

Mama Ndama
Na kama atarudi nyumbani baada ya maonesho usimrudishe kundini moja kwa moja. Mtenge wiki tatu hivi, chombo chake cha maji na cha chakula, na mhudumie wa mwisho baada ya wengine. Kule amekohoana na ng'ombe wa kila mtu.