Quattroporte ya 2005 kama gari la kila siku: mashine inasema klachi imelika asilimia 71. Niendelee nayo au niiuze?

Mwendapole
Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri wa waliowahi kuishi na gari la aina hii, maana mtaani napewa jibu moja tu, "uza", na wanaolitoa hata ndani hawajawahi kukaa.

Ninayo Maserati Quattroporte ya 2005, ile ya kizazi cha tano iliyochorwa na Pininfarina, V8 ya lita 4.2, gia za DuoSelect. Imetembea kilomita 118,000. Ninaitumia mwaka wa tatu sasa na ndiyo gari langu pekee: kazini, shuleni kwa watoto, sokoni, misibani. Kwa siku ni kilomita 34 kwenda na kurudi, na karibu nusu ya hizo ni foleni.

Mwezi uliopita nilikuwa narudi kinyumenyume kupanda kijimlima cha kuingilia nyumbani, nikakuta mtoto ameacha baiskeli njiani. Nikasimama, nikasogea kidogo, nikasimama tena, labda mara tano. Harufu ikaingia mpaka ndani, kali, kama kandambili iliyotupwa kwenye moto. Kesho yake asubuhi gari likagoma kuingia gia ya nyuma mpaka nilipozima na kuwasha upya. Nikapeleka kupima, mashine ikasoma klachi imelika asilimia 71. Na klachi yenyewe nilifunga mpya miezi 14 tu iliyopita!

Mengine madogo: asubuhi kukiwa na baridi injini inagonga kama sekunde mbili hivi, kisha inatulia. Vitufe vya redio vinanata vidoleni kama vimepakwa asali. Upande wa mbele kulia kuna kitu kinagonga kwenye matuta.

Nalipenda gari hili. Nikitoka kazini nimechoka, nikakaa kwenye kile kiti na kusikia injini inaamka, uchovu unapungua. Lakini nina familia, siwezi kuendesha kwa mapenzi peke yake. Naomba ukweli wenu.

Mama Gereji
Pole, kaka. Kabla ya neno kuuza, nijibu mambo mawili. La kwanza: fundi alipofunga klachi mpya, aliunganisha kompyuta akaiingizia vipimo vya klachi hiyo? La pili: ukifungua mlango wa dereva asubuhi, unasikia mngurumo wa pampu kwa sekunde ngapi?

Tairi Bovu
Uza mkuu. V8 kwenye foleni inakula zaidi ya lita 20 kwa kilomita 100. Hapo hata spea hatujazigusa.

Mzee wa Spana
Tairi Bovu, mafuta anayajua, anayanunua mwenyewe. Tumsaidie na alichouliza.

Mwendapole mwanangu, kwanza uijue gia yako. DuoSelect si otomatiki. Ni gia boksi ya kawaida kabisa, ya klachi kavu, ila mguu wako wa kushoto umechukuliwa na pampu ya umeme na oili yenye presha. Gia boksi yenyewe iko nyuma pamoja na difu, ndiyo maana gari linakaa vizuri hivyo barabarani. Sasa watu wengi wanaiendesha kama otomatiki. Kwenye foleni wanagusa mafuta kidogo, gari linajivuta hatua mbili, wanasimama, wanagusa tena. Kila mguso huo, klachi inasuguana bila kushika sawasawa. Wewe huisikii kwa mguu kwa sababu pedali haipo, lakini inaungua.

Fanya hivi. Ukisimama kwenye foleni, vuta vibawa vyote viwili vya kubadilishia gia vilivyo nyuma ya usukani kwa pamoja, gari linaingia huru. Usikae na gia ya kwanza huku umekanyaga breki. Aliye mbele yako akisogea mita mbili, mwache. Subiri nafasi ifunguke, kisha ingiza ya kwanza na ukanyage mafuta kwa uhakika mpaka klachi ishike yote. Atakayepiga honi nyuma apige tu. Kwenye mlima kamwe usilishikilie gari kwa mafuta, shikilia kwa breki. Na ile habari ya kupanda kilima kinyumenyume iache kabisa, hakuna kinachoimaliza klachi hii haraka kama hicho. Ingia kwa mbele, ugeuze ukishafika pa tambarare.

Mwendapole
Asanteni sana. Dada Mama Gereji, nimetoka kusikiliza sasa hivi. Nikifungua mlango pampu inanguruma kama sekunde nane. Na nikiwa nimesimama huku injini inawaka, inarudia kila baada ya muda mfupi hata kama sijabadilisha gia. Nimezoea sauti hiyo, nikajua ndivyo lilivyo.

Karatasi ya gereji nimeitafuta. Imeandikwa klachi na kazi ya kufunga, hakuna neno kuhusu kompyuta. Nimempigia fundi, ananiambia gari liliwaka na kutembea, kwake kazi iliishia hapo.

Mama Gereji
Basi usikimbilie kununua klachi. Ngoja nikueleze vizuri.

Ile asilimia si kwamba kuna mtu ameitazama klachi. Kompyuta ya gia inakumbuka klachi ilipokuwa mpya ilikuwa inafungia wapi, inalinganisha na inapofungia leo, tofauti hiyo inaigeuza kuwa asilimia. Ukifunga klachi mpya bila kuiingizia kipimo kipya, inaendelea kulinganisha na ile uliyokwisha kuitupa. Kwa hiyo hiyo 71 inaweza kuwa kubwa kuliko hali halisi au hata ndogo. Kibaya zaidi, kama kompyuta haikufundishwa klachi mpya, hata pale inapoanzia kushika panaweza kuwa si penyewe, na hapo gari linaondoka kwa kusuasua na kujiunguza hata ukiwa dereva mwangalifu.

Pampu nayo ni kesi nyingine. Kuna akumuleta, tufe la chuma linalohifadhi presha ya oili ili pampu ipumzike. Likichoka, presha haikai, pampu inafanya kazi mfululizo mpaka inajiua. Presha ikishuka ndipo gia inapogoma kuingia, kama ilivyokutokea na gia ya nyuma. Badilisha akumuleta na rilei ya pampu, yaani swichi ya umeme inayoiwasha na kuizima, kabla hujahitaji pampu yenyewe. Rilei ni kitu kidogo sana, lakini ikinasa pampu inabaki inazunguka mpaka iungue.

Na pima betri. Umeme ukipungua, magari haya yanawasha taa za makosa ambayo hayapo, leo gia, kesho shokapu.

Gia ya Sita
Nitoe mawazo tofauti kidogo. Niliiendesha hiyo hiyo ya DuoSelect mwaka mmoja na nusu, kisha nikahamia ya otomatiki, iliyoanza kutoka 2007 na gia boksi ya gia sita ya ZF, kampuni ya Ujerumani inayotengeneza gia boksi. Kwa mtu wa foleni ni mbingu na ardhi. Familia hiyo ya gia boksi imo pia kwenye BMW na Jaguar za miaka ile, kwa hiyo fundi anayeijua hukosi. Ukienda huko, badilisha oili ya gia boksi. ZF wenyewe wanashauri kati ya kilomita 80,000 na 120,000, hata kama muuzaji atakwambia oili hiyo ni ya maisha.

Kubali pia kwamba utapoteza kitu. Ile ngumi ya mgongoni ukibadilisha gia kwa kasi, otomatiki haina.

Mzee wa Spana
Nimesahau injini. Ile sauti ya kugonga asubuhi mara nyingi ni vifaa vinavyobadili majira ya kamshafti, mhimili unaofungua vali za injini; oili huchelewa kuvifikia injini ikiwa ya baridi. Sekunde mbili bado si msiba, ila rekodi sauti leo na tena baada ya miezi mitatu. Ikirefuka, ifunguliwe. Usiongeze mwendo mpaka oili ipate moto. Injini yako haihifadhi oili chini kama nyingi tulizozoea, ina tangi lake pembeni, kwa hiyo fuata kitabu cha gari unapopima kina chake. Wengi wanajaza kupita kiasi kwa kukosea hapo. Cha kushukuru ni kwamba inatumia cheni, hakuna mkanda wa taiming wa kukukatikia njiani.

Kinachogonga mbele kulia anza na bushi, zile raba za mkono wa chini unaoshikilia tairi.

Nuru ya Asubuhi
Vitufe: spiriti kidogo kwenye kitambaa cha pamba, polepole, kimoja kimoja. Ile tabaka laini ya juu imeoza kwa umri, inatoka yote. Usisugue juu ya alama, zinafutika. Mimi nilipoteza alama ya feni kwa haraka zangu.

Mwendapole
Wakuu, narudi na mrejesho baada ya wiki mbili.

Betri ilikuwa volti 11.9 asubuhi kabla ya kuwasha. Nimeweka mpya. Akumuleta na rilei vimebadilishwa na fundi mwingine niliyemtafuta kwa sababu ana mashine inayosoma gia hizi. Sasa nikifungua mlango pampu inanguruma sekunde tatu, kimya. Gia ya nyuma haijagoma tena hata mara moja.

Pale klachi inapoanzia kushika palikuwa mbali na panapotakiwa. Amepaweka sawa, na gari linaondoka bila ule mtetemo niliodhani ni uzee. Kuhusu asilimia amenieleza kama alivyosema dada: bila kipimo cha siku ilipofungwa hawezi kunipa namba ya kweli. Tumekubaliana bushi zinakuja wiki ijayo, na siku hiyo hiyo atachungulia unene wa sahani za klachi kwa macho.

Foleni nayo naizoea. Navuta vibawa viwili, nasubiri, naondoka mara moja. Safari ile ile niliyokuwa nagusa mafuta mara mia, sasa naondoka labda mara 30. Kijimlima cha nyumbani naingia kwa mbele, na baiskeli imepata mahali pake ukutani.

Mzee wa Spana, sauti ya asubuhi nimeirekodi. Nitaileta hapa baada ya miezi mitatu uisikilize.