Wa Kigoma na Tabora: wimbo gani wa Noeli ukiimbwa na kwaya lazima machozi yakutoke? Tupeane uzoefu

Reli ya Kati: Wakuu, jana jioni napita sokoni Mwanga, muuza dagaa mmoja kaweka spika, ikaanza "Usiku Mtakatifu" ya kwaya, bila ala, sauti nne kavu. Nikashindwa kuondoka. Na kanisani mimi siendi kivile. Bongofleva ya Januari ikifika Juni ishachuja, hizi babu kaimba, baba kaimba, na bado zinakata maini. Wa Kigoma, Tabora, Urambo, Kaliua, mwageni yenu.

Mama Mgebuka: Hauko peke yako. Mimi sauti ya pili ikishaingia tu, basi, natafuta leso.

Mwalimu wa Solfa: Ni wimbo mwepesi, ndiyo siri yake. Kwa nota za solfa inaanza s l s m (so la so mi), kisha s l s m tena, mtoto wa kipaimara anaishika jioni moja. Ikifika r r t, d d s imeshapanda, hapo ndipo watu wanapokwisha. Sauti ya nne chini, yaani bezi, wala haihangaiki, imekaa kwenye d (do) muda mrefu. Mabezi wangu hapa Tabora hulalamika eti wimbo hauwapi kazi. Nawaambia, nyamazeni muone kama utasimama.

Binti Kasulu: Mwalimu, hiyo d umenitonesha kidonda. Baba alikuwa bezi kigangoni kwetu tangu sijazaliwa. Alifariki tarehe 22 Desemba. Mvua za Kasulu mnazijua, gari la jeneza likazama kwenye tope, tukashuka kusukuma na kanga zetu za msiba. Mazishi yakaangukia tarehe 24. Kwaya ilikuwa kwenye mazoezi ya mkesha na yeye akiwamo. Daftari lake la nota lilikuwa bado kwenye mfuko wa koti, limening'inia nyuma ya mlango.

Kabla ya kushusha jeneza, mwalimu wa kwaya akamnong'oneza mama, mama akaitikia kwa kichwa. Wakaanza Usiku Mtakatifu. Baba mkubwa akainuka akafoka: "Mnasherehekea nini hapa? Kazaliwa mtoto au kafa mtu?" Wazee wengine wakamuunga mkono, katekista kimya, kwaya ikakatika katikati ya ubeti. Aliyeendelea ni mama. Peke yake, na kwaya hajawahi kuimba maisha yake yote. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Mabezi waliobaki walikuwa wawili, nao siku zote walimtegemea baba kushika sauti, ile d ikatoka nyembamba, unasikia kabisa nani hayupo. Baba alipokata roho sikulia. Pale nililia mpaka nikashikwa mikono. Baba mkubwa hadi leo anasema tulimzika mdogo wake kwa ngoma ya harusi.

Kijana wa Gungu: Dah.

Mchikichi: Pole sana dada. Lakini baba mkubwa ana hoja. Kila wimbo na majira yake, Kwaresima mbona hamuimbi Utukufu?

Kinanda Kibovu: Hoja gani? Mbona mkesha wa Noeli mnaimba Haleluya ya Handel? Ile inafunga sehemu ya pili ya Messiah, utungo wake mrefu wa kwaya, habari za mateso na ushindi wa Kristo, horini tulishatoka zamani. Hata mara ya kwanza iliimbwa Dublin, Aprili 1742. Mbona hamuoni mzee anafoka?

Mchikichi: Watu wanazungumzia msiba wa Kasulu, wewe umeenda Dublin.

Mnyamwezi Halisi: Kero yangu mimi ni magitaa na vinanda vya midundo. Noeli iimbwe kavu, kwa heshima.

Mwalimu wa Solfa: Mzee wangu, shikamoo, lakini huo Usiku Mtakatifu wenyewe uliimbwa mara ya kwanza kwa gitaa. Oberndorf, Austria, mkesha wa 1818. Padre Joseph Mohr alikuwa na shairi tangu 1816, akampelekea mwalimu wa shule, Franz Xaver Gruber, alitie sauti.

Mnyamwezi Halisi: Marahaba. Si kwa sababu panya walitafuna kinanda?

Mwalimu wa Solfa: Hiyo ya panya ni hadithi tu, ushahidi hakuna.

Mama Mgebuka: Mtoto wa watu kamwaga moyo, nyie mko na panya! Binti, mama yupo?

Binti Kasulu: Yupo, ashukuriwe Mungu. Kila mkesha anakaa upande wa mabezi. Mwaka huu nimepangwa sauti ya kwanza na najua nitaharibu. Mnafanyaje msilie katikati ya wimbo?

Kijana wa Gungu: Meza yai bichi.

Mwalimu wa Solfa: Yai hata sauti halisaidii, sembuse machozi. Tazama mikono ya mwalimu, macho yasiende kwa waumini.

Kinanda Kibovu: Lia sana mazoezini, yaishe huko huko.

Mama Mgebuka: Hayaishi, usimdanganye. Ukizidiwa funga mdomo, wenzako wataibeba, ukitulia unaingia ubeti unaofuata.

Mchikichi: Kunja vidole vya miguu ndani ya kiatu, vibane kwelikweli. Mimi hunisaidia. Na kuhusu msiba sijabadili msimamo.

Reli ya Kati: Kumbe na wewe huwa unalia!

Mchikichi: Mwenye nota za sauti ya tatu azirushe hapa, mazoezi ni Jumamosi.